Jina Chini ya Sentensi ya Tisa

Watu wa taasisi walimwita Bi Dodoso, na jina lilimkaa hivi kwamba mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, alichelewa kugeuka. Kila mwaka, mvua kubwa zikishakatika, taasisi ile ya utafiti wa uchumi ilipeleka fomu kwa wachumi mia mbili na arobaini: walimu wa vyuo vikuu, washauri wa mabenki, maofisa wa wizara, na wastaafu wachache ambao bado walipenda kuulizwa. Fomu iliwauliza mambo ambayo serikali ilikuwa ikiyaumizia kichwa. Je, ushuru wa nguo za nje uongezwe? Je, bei ya mkate ipangwe na serikali? Chini ya kila swali palikuwa na vijisanduku vitano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Cha katikati kilisema "sina hakika", na miaka yote hiyo kilikuwa kisafi kama sahani iliyooshwa.

Bi Dodoso ndiye aliyezichapa fomu, akazikunja, akazitia kwenye bahasha, akazipokea zikirudi na kuzihesabu. Kwa miaka kumi na tisa fomu hizo zilipita mikononi mwake. Uchumi hakuwahi kuusomea, alisomea uhazili. Lakini hati za wale watu alizijua kama anavyojua nyayo za watu wa nyumbani kwake. Alimjua anayebonyeza kalamu mpaka inatoboa karatasi, anayejibu maswali matano tu akachoka, na yule mzee wa wino wa kijani ambaye lazima aandike neno pembeni hata pasipotakiwa neno.

Na alijua jambo moja ambalo watu wa mtaani kwake hawakulijua: kwamba wachumi wanakubaliana kuliko wanavyosikika. Redioni walikuwa paka na panya, hasa maprofesa wawili ambao kila mtu aliwafahamu kwa majina ya utani. Mmoja aliitwa Soko Huru, maana kila jambo kwake lilimalizikia kwenye watu kuachwa wanunue na wauze bila kuingiliwa. Mwenzake aliitwa Mkono wa Serikali, na huna haja ya kuelezwa kwa nini. Hawa wawili walialikwa pamoja kila palipotakiwa ugomvi, na hawakuwahi kumwangusha mtangazaji. Lakini fomu zao zilipofika mezani kwa Bi Dodoso, maswali mengi walikuwa wametia alama kwenye kijisanduku kilekile. Hakuna aliyewaalika redioni kuyasema hayo.

Nyumbani aliishi na kaka yake mkubwa, katika vyumba vitatu vya kupanga kwenye ghorofa ya tatu. Kaka alikuwa mpiga chapa mstaafu, kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwa miaka ishirini, na kelele za mitambo zilikuwa zimelila sikio lake la kushoto. Alipofiwa na mkewe alihamia kwa dada yake na masanduku mawili, redio, na maoni yake yote.

Mwaka huo mwenye nyumba alikuwa amewaletea wapangaji barua ya kupandisha kodi, na bunge lilikuwa linajadili sheria ya kuweka kikomo cha kodi za nyumba. Kaka aliiunga mkono kwa moyo wote. Jioni moja, wakila, Bi Dodoso alimwambia kwamba sheria hiyo ikipita watu wataacha kujenga nyumba za kupangisha, na mwishowe nyumba zitaadimika.

"Nani kasema?" kaka akauliza.

"Wachumi. Wanane katika kila kumi."

"Wachumi gani? Soko Huru?"

"Na yeye yumo."

"Basi umeshanijibu, dada. Huyo hata ukimwuliza saa ngapi, atakwambia soko liamue."

Bi Dodoso akamweleza kwamba hata wale wanaoegemea upande wa serikali wengi wao walisema hivyohivyo. Kaka akacheka. Alisema amemsikia Mkono wa Serikali akimshambulia Soko Huru juzi tu, kwa sikio lake hili zima. Bi Dodoso alijua Mkono wa Serikali alijibu nini kwenye fomu, lakini majibu ya mtu mmoja mmoja yalikuwa siri ya kazi, akaendelea kula.

"Na hata kama wamekubaliana," kaka akaendelea, "wao wameulizwa kama nyumba zitapungua huko mbele. Mimi naulizia huyu aliyemo ndani ya nyumba leo. Huyo anafanyaje wakati anasubiri hizo nyumba zijengwe?"

Bi Dodoso alilisikia swali hilo kama maneno ya chama cha wafanyakazi, yale aliyoyasikia tangu akiwa msichana, akayapisha. Walimaliza chakula kila mmoja akitazama sahani yake.

Mwezi uliofuata, Mkurugenzi wa taasisi alikuja na jambo jipya. Alikuwa mwanamke mdogo kwa Bi Dodoso kwa miaka kumi na mitano, mwepesi wa kutembea na wa kufikiri, aliyemwita Bi Dodoso "mama" hata mbele ya wageni. Safari hii, alisema, fomu itakuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, maswali ishirini ya siku zote. Ya pili, sentensi kumi zilizotolewa katika vitabu vya wachumi wenyewe, kila moja na jina la mwandishi chini yake, na wenzao waseme kama wanakubali. Aliziandika sentensi zile kwa mkono kwenye karatasi mbili, akamkabidhi Bi Dodoso, akasafiri kwenda mkutanoni kwa wiki nzima.

Jumatatu Bi Dodoso alichapa fomu mia moja na ishirini, nusu ya kwanza ya orodha yake. Hapo wino wa printa ukaisha, na wino mpya ukaja Jumatano. Kabla ya kuendelea alipitia ukurasa wa mwisho mara moja zaidi, kwa tabia yake ya uangalifu, na macho yake yakanasa kwenye sentensi ya tisa.

Ilisema: "Mji ukiwa na mwajiri mmoja tu mkubwa, sheria inaweza kupandisha mshahara wa chini na watu wasipoteze kazi." Na chini yake palikuwa na jina la Soko Huru.

Bi Dodoso alishtuka. Haiwezekani, alijiambia. Soko Huru kusema sheria ipandishe mishahara ni sawa na jua kuchomoza jikoni. Akatazama karatasi ya Mkurugenzi. Jina lilikuwa lilelile, lakini Mkurugenzi aliandika mbiombio siku ile ya safari, na jina la Mkono wa Serikali lilikuwa kwenye mstari wa juu tu, chini ya sentensi ya nane. Bila shaka aliyachanganya. Bi Dodoso aliwaza kumpigia simu, akaona ni kumsumbua mtu aliye mbali kwa jambo ambalo yeye mwenyewe analijua. Akalifuta jina la Soko Huru kwenye sentensi ya tisa, akaandika la Mkono wa Serikali, akachapa fomu mia moja na ishirini zilizobaki. Zile za Jumatatu zilikuwa zimeshakwenda posta. Alisikitika kidogo kwamba nusu ya wachumi watasoma kosa. Hakumwambia mtu, kwa kumsitiri Mkurugenzi.

Majibu yalianza kurudi baada ya wiki tatu. Asubuhi moja akafungua bahasha na kukuta wino wa kijani, akatabasamu, maana wino ule ulikuwa wa Soko Huru mwenyewe. Kwenye sentensi ya tisa mzee alikuwa ametia alama kwenye "sikubali kabisa", na pembeni ameandika: "Nyimbo zilezile za mwenzangu. Ushahidi uko wapi?" Bi Dodoso akaona dhana yake imethibitika. Mtu angekataaje maneno yake mwenyewe?

Siku mbili baadaye aliketi kuandaa orodha ya vitabu kwa ajili ya ripoti, sentensi baada ya sentensi, kitabu na ukurasa. Kwenye ya tisa Mkurugenzi alikuwa ameandika jina la kitabu cha Soko Huru, ukurasa wa themanini na nane. Bi Dodoso alikwenda maktaba kwa nia ya kulitafuta kosa mpaka mwisho wake. Kitabu kilikuwa chembamba, cha zamani, jalada limepauka. Akafungua ukurasa wa themanini na nane, na sentensi ilikuwepo, katikati ya ukurasa, neno kwa neno.

Aliisoma mara tatu, amesimama. Kisha akakaa kwenye ngazi ndogo ya kupandia rafu. Mkurugenzi hakuchanganya chochote. Aliyechanganya ni yeye, na hakuchanganya kwa usingizi wala kwa haraka, bali kwa sababu alikuwa na yakini. Alikuwa ameamua mtu fulani anaweza kusema nini na hawezi kusema nini, akatwaa maneno yake na kumpa mwingine.

Siku ile hakufanya kazi ya maana. Alifungua droo akaifunga. Njia ya kujinusuru ilikuwepo, tena rahisi: kusema sentensi ya tisa ilichapwa vibaya na kuitoa kwenye ripoti. Hakuna ambaye angeuliza. Zingebaki sentensi tisa, na tisa ni nyingi. Lakini ile fomu ya wino wa kijani ilikuwa imelala juu ya rundo ikimtazama, na kila alipoifunika kwa nyingine alihisi kama anamfunika mtu.

Kesho yake akajipiga moyo konde, akaingia kwa Mkurugenzi na kitabu mkononi, fomu mbili ndani yake, moja ya Jumatatu na moja ya Jumatano. Alieleza yote bila kujipunguzia. Mkurugenzi alisikiliza huku uso ukibadilika. Kamati ya bunge ilikuwa inasubiri ripoti ile, na zilibaki wiki mbili.

"Kwa nini hukuuliza, mama?"

"Sikuona sababu ya kuuliza. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba maneno haya si ya mtu yule. Miaka kumi na tisa nawasoma, Mkurugenzi. Nilidhani nawajua."

Mkurugenzi alikisogeza kitabu kando. Kisha akasema, kwa sauti kavu, kwamba barua ya onyo itabidi iandikwe, na Bi Dodoso akajibu kwamba ataichapa mwenyewe ikibidi. Hapo Mkurugenzi alikaribia kucheka, akajizuia. Akazivuta zile fomu mbili akaziweka ubavu kwa ubavu. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama mtu mwenye hasira.

"Zilizorudi ni ngapi?"

"Mia moja tisini na saba."

"Zitenganishe. Zenye jina hili huku, zenye jina lile kule. Halafu ndani ya kila fungu utenganishe, kwa walivyojitaja mwanzoni mwa fomu, wanaojiita watu wa soko, wanaojiita watu wa serikali, na wa katikati. Usimwambie mtu mpaka tumalize."

Walizihesabu wawili, mlango umefungwa, mafungu sita yamepangwa sakafuni kwa sababu meza haikutosha. Mkurugenzi alivua viatu. Ilipofika saa nane mchana hawakuwa na shaka tena. Watu wa soko walioisoma sentensi ikiwa na jina la Soko Huru, saba katika kumi waliikubali; wenzao walioisoma ikiwa na jina la Mkono wa Serikali, hawakufika hata watatu. Kwa watu wa serikali mambo yaligeuka juu chini. Wa katikati walitikisika kidogo tu. Na sentensi haikubadilika hata nukta.

Bi Dodoso akaomba wahesabu na sehemu ya kwanza ya fomu, ile ya maswali yasiyo na majina. Katika ishirini, kumi na manne pande zote mbili zilikubaliana kwa wingi: ushuru wa nguo, bei ya mkate, hata kikomo cha kodi. Watu walewale, kalamu zilezile, pengine asubuhi ileile.

"Kwa hiyo wanakubaliana au hawakubaliani?" aliuliza Bi Dodoso.

Mkurugenzi alikuwa amepiga magoti kati ya mafungu, goti moja juu ya karatasi. Alisema kwamba kwa miaka yote aliyosoma hakuwahi kuliona jambo hilo waziwazi namna ile. Kisha akaomba chai.

Kulikuwa na fomu moja nyingine ambayo Bi Dodoso hakumwonyesha mtu upande wake wa mbele, ambako namba ya siri iliandikwa. Mkono wa Serikali alikuwa kwenye nusu ya Jumatatu. Aliisoma sentensi ya tisa ikiwa na jina la Soko Huru, jambo ambalo yeye mwenyewe amelifundisha darasani kwa miaka thelathini, akatia alama kwenye "sikubali". Maprofesa wale wawili walikuwa wamekataa sentensi moja ambayo kila mmoja wao aliiamini, kila mmoja akidhani ni ya mwenzake.

Kulihesabu jambo lile hakukumpa raha. Aliona ana deni la kumwomba radhi mtu aliyenyang'anywa maneno yake. Mkurugenzi alimkataza kwanza, halafu akasema kama ni kuomba radhi aende, ila asijifanye msemaji wa taasisi. Basi Alhamisi mchana Bi Dodoso alikwenda chuo kikuu, akapanda ngazi hadi chumba cha Soko Huru, akabisha.

Mzee alikuwa mdogo kuliko sauti yake ya redioni. Sweta yake ilikuwa imefumuka kiwikoni. Alimkaribisha, akaondoa vitabu kwenye kiti, na aliposikia yeye ndiye Bi Dodoso akafurahi kama amekutana na ndugu waliyekuwa wakiandikiana barua. Furaha hiyo ilimfanya Bi Dodoso aone kazi yake kuwa ngumu mara mbili. Alieleza. Kisha akaweka juu ya meza fomu ya mzee, na kando yake kile kitabu chembamba kikiwa wazi.

Soko Huru alivaa miwani. Alisoma fomu, akasoma kitabu, akarudi kwenye fomu. Nje ya dirisha watu walikuwa wanasogeza madawati, na kelele za miguu ya madawati ziliingia mpaka ndani.

"Hii ni hati yangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Profesa. Kosa la jina ni langu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Na kitabu ni changu." Aligeuza ukurasa mmoja nyuma, akasoma huko pia, taratibu, kidole kikifuata mstari. "Mji huu ni kwetu. Kulikuwa na kiwanda kimoja. Baba yangu alifanya kazi mle mpaka mgongo ukamkataa. Nilikwenda na daftari, nikahesabu malipo ya watu kabla ya sheria na baada ya sheria. Mama alikuwa hai, ndiye aliyekuwa ananipikia." Akavua miwani. "Ushahidi niliuhesabu mwenyewe. Halafu nimeuliza uko wapi."

Bi Dodoso hakujua pa kutazama. Alianza tena kusema kwamba lawama ni yake, mzee akamkatisha kwa kuinua mkono, bila ukali.

"Wewe ulibadilisha jina. Hukunituma nilisome jina nikaiacha sentensi."

Alimwuliza kama anaweza kubaki na kitabu kile. Kilikuwa cha maktaba, lakini Bi Dodoso akamwachia.

Siku ya kuwasilisha ripoti ukumbi ulijaa: wabunge wa kamati, waandishi wa habari, na wachumi wapatao sitini. Bi Dodoso aliketi nyuma kabisa karibu na meza ya vikombe, barua yake ya onyo ikiwa imeshaingia kwenye faili tangu Jumatatu. Mkurugenzi alieleza maswali kumi na manne yaliyokubaliwa, na watu wakapiga miayo. Alipofika kwenye sentensi ya tisa, watu wakakaa sawa. Alisema ni kosa la uchapaji lililotokea kwenye taasisi, hakumtaja mtu, akaonyesha hesabu.

Minong'ono ilienea. Mtu mmoja wa wizarani alisema bila shaka waliojibu ni vijana wasio na uzoefu. Hapo Soko Huru akasimama, ameshika kitabu chembamba.

"Mimi si kijana," alisema, "na sentensi ni yangu. Niliiandika mwenyewe, kisha nikaikataa kwa wino wa kijani kwa sababu niliona jina la mwenzangu chini yake. Nimekaa na jambo hili siku nane sasa. Sina la kujitetea, nimeona afadhali nilitaje."

Wote wakamgeukia Mkono wa Serikali, aliyekuwa safu ya pili, mtu mrefu mwenye tai iliyonyooka. Alisema kwa heshima kwamba anampongeza mwenzake kwa uungwana wake. Kwa upande wake, akaongeza, sentensi ile haikuandikwa kwa ufasaha na mtu angeweza kuielewa kwa njia nyingi. Aliketi, na kabla ya chai akawa ameondoka. Bi Dodoso alimtazama mgongo mpaka akatoka mlangoni. Angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema, wala siku ile wala baadaye, na hakujiona shujaa kwa hilo. Alimwonea huruma, maana alijua jinsi ilivyo kukaa na kitu cha namna hiyo kwenye droo.

Magazeti ya kesho yake yalishangilia. Moja liliandika kwa herufi kubwa kwamba wachumi hawayajui hata maneno yao. Kuhusu yale maswali kumi na manne, hakuna lililoandika hata mstari.

Kaka alisoma gazeti kwa sauti pale mezani, akicheka mpaka akakohoa. Bi Dodoso alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba karani aliyebadilisha jina ni yeye. Kaka akashusha gazeti. Hakucheka tena. Aliuliza kama watamfukuza kazi, akaambiwa hapana, ni onyo tu, akasema angekuwa bado kwenye chama angekwenda nalo ofisini kwao lile onyo. Bi Dodoso alimshukuru, akakaa karibu upande wa sikio zima.

"Kaka, lile jambo ulilosema la mpangaji. Lirudie."

"Lipi? Siku ile hukutaka kulisikia."

"Nilisikia ni wewe unayesema, nikaacha kusikiliza. Lirudie, niandike."

Kaka alimtazama kama anayepima kama anataniwa. Alipoona kalamu, alisafisha koo, akaeleza pole pole, kama mtu anayeandikisha ushahidi: nyumba zikishapanda bei, mpangaji wa leo hawezi kuishi ndani ya nyumba itakayojengwa miaka mitano ijayo, sasa je, katika miaka hiyo alindwe kwa njia gani, na gharama aibebe nani? Bi Dodoso aliandika yote. Asubuhi alimpelekea Mkurugenzi bila kueleza yametoka kwa nani. Mkurugenzi aliyasoma, akasema hilo ni swali zuri, halijawahi kuulizwa, na kwamba litaingia kwenye fomu ya mwaka ujao. Ndipo Bi Dodoso akamwambia ni la mpiga chapa mstaafu.

Swali hilo lilipoulizwa, majibu yalisambaa kama mtama uliomwagika. Hapo hapakuwa na wanane katika kumi. Watu wa soko waligawanyika wao kwa wao, wa serikali pia. Wengine walitaka mpangaji asaidiwe fedha, wengine kikomo cha muda mfupi, wengine wakasema ahame. Na kwa mara ya kwanza Bi Dodoso aliona kijisanduku cha "sina hakika" kimechafuka kwa wino. Kaka alipopewa habari alisema kumbe basi hata wao ni watu. Sheria yenyewe bunge lilishaipitisha, ya miaka mitatu tu, kisha itazamwe upya, na wote wawili, dada na kaka, waliiona ni nusu ya walichotaka.

Kazi ya Bi Dodoso nayo ilibadilika. Mkurugenzi aliamua kufanya kwa makusudi kile kilichofanyika kwa kosa, akiwaeleza wachumi mapema: nusu ya fomu ziwe na majina, nusu zisiwe nayo. Bi Dodoso ndiye aliyesimamia. Hakuna sentensi iliyoingia mpaka kitabu kimeletwa mezani kwake na ukurasa umefunguliwa, na karani mpya, mama wa watoto watatu aliyekuwa na haraka ya maisha, alimlalamikia kwamba kazi ya siku moja imekuwa ya wiki. Bi Dodoso alimwambia amevumilia malalamiko makubwa zaidi.

Zilipobaki siku mbili fomu zifungwe, mlango wa ofisi uligongwa, akaingia Mkono wa Serikali mwenyewe, bahasha yake mkononi haijafunguliwa. Posta ingechelewa, alisema, kwa hiyo ameona aje aijaze hapohapo kama hasumbui. Bi Dodoso alimwondolea makaratasi kwenye meza ya dirishani.

"Mwaka jana nilijaza haraka haraka," alisema, bila kumtazama.

"Wengi hujaza haraka, Profesa. Chukua muda wako."

Akaomba penseli badala ya kalamu. Alivua koti akalitundika nyuma ya kiti, akainama juu ya karatasi kwa asubuhi nzima. Bi Dodoso aliendelea kufungua bahasha zake, akimpa kisogo ili asimwone anapotia alama. Mara kwa mara alisikia penseli ikisimama muda mrefu. Karibu saa sita mchana, Profesa akageuka na kumwuliza, kwa sauti ya chini ambayo redioni hakuwa nayo, kama ana kifutio.